Fahamu: Kutu ya shaba huwa ngao

Macalder, katika kaunti ya Migori, palichimbwa shaba na dhahabu hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Shaba ya huko imefungwa ndani ya mawe yenye salfa, na mawe hayo yakipata hewa na maji huzaa asidi inayokula metali. Ndiyo maana wengi huona kutu kama uharibifu mtupu. Sikubaliani nao. Tazama waya mpya wa shaba: mwekundu unaong'aa, kisha kahawia, na baada ya miaka mingi kijani. Rangi hizo ni utando mwembamba wa kutu ulioshika imara, nao huichelewesha kutu isizame zaidi.

Ngao hiyo hutegemea pia muundo wa metali. Baadhi ya tabaka za kisasa za aloi ya shaba zina punje za nanomita chache, yaani sehemu za milioni za milimita. Mtu atasema punje ndogo huongeza mipaka kati ya punje, na mipaka ndiyo mianya ya kutu. Kwenye asidi, ambako utando haukai, yuko sahihi. Lakini shaba ikichanganywa na aluminiamu, mipaka hiyohiyo huipa aluminiamu njia ya kufika juu haraka na kujenga oksidi ngumu. Mazingira ndiyo huamua: mji wa Homa Bay una unyevu wa Ziwa Victoria, lakini hauna chumvi ya bahari inayotoboa utando kule Mombasa.