Mtoto Mwenye Usonji na Huduma ya Meno

Baadhi ya watoto wenye usonji hutafuna nguo, penseli au hata kahawa kavu ya kukaribishia wageni Karagwe na Kyerwa. Huo si utukutu, kutafuna huwatuliza. Hata hivyo, vitu vigumu huweza kupasua meno. Tunamshauri mzazi:

• Ampe mtoto kitu laini kisichokatika vipande, wala asimwadhibu.
• Kutafuna kukizidi ghafla, amwahishe kwa tabibu wa meno. Huenda jino linamuuma naye hawezi kusema.
• Amweleze tabibu mapema kinachomtisha mtoto: mwanga, mlio wa mashine au ladha ya dawa.
• Aulize sababu, gharama na njia mbadala kabla ya kuridhia jino ling'olewe.

Kupewa maelezo hayo ni haki ya kila mtumiaji wa huduma.