Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyaona haya likizo ya Agosti pale Kitengela. Kaka yangu ana kibanda cha kuchapia watu barua na kuwajazia fomu za basari. Siku moja nilichomeka kwenye kompyuta yake flashi yenye mchezo wa bure niliopewa na rafiki wa Kajiado mjini. Mchezo ukafunguka vizuri. Kumbe nimemfungulia mwizi!

Programu ya namna hii huitwa mlango wa nyuma. Fikiria boma la miiba lenye lango imara. Fisi hapiti. Lakini ukimwajiri mchungaji mwongo, yeye mwenyewe atatoboa ua kwa nyuma usiku na kuwaita wezi wenzake. Basi programu hii nayo huja imejifanya mchezo, wimbo au barua. Ukiibonyeza tu, hujificha na kujiandikisha miongoni mwa programu zinazoamka kila kompyuta inapowashwa. Kisha humwita bwana wake kupitia intaneti. Maadamu wito unatoka ndani, mara nyingi mlinzi wa lango hashuku kitu. Tangu hapo mwizi aweza kusoma faili zako, kunasa kila herufi unayopiga, hata kuwasha kamera. Si jambo jipya. Mwaka wa 1998 kikundi cha Marekani kiitwacho Cult of the Dead Cow kilitoa Back Orifice, programu iliyoweza kuitawala kompyuta ya Windows kutoka mbali.

Sisi tulishtuka bando zilipoisha haraka na programu ya kuua virusi ikawa inajizima. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Fundi mmoja alitufunza hivi:

Kwanza, kata intaneti mara moja.

Pili, usiandike neno la siri kwenye mashine hiyo. Badilisha maneno yote ya siri kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi.

Tatu, isake kwa programu ya kuua virusi inayowashwa kutoka kwenye flashi iliyotayarishwa kwenye mashine safi.

Nne, usitosheke na hayo, maanake aliyeingia huenda ameacha wenzake. Nakili hati zako tu, programu uziache. Futa diski yote, kisha uweke Windows upya.

Kompyuta ilipona. Lakini nakala za vitambulisho vya wateja, zikishachukuliwa, hazina dawa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yataka wenye habari zao waarifiwe. Kaka hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa orodha ya wateja na kuniambia, "Nenda uwaambie mwenyewe." Nilikwenda mlango hadi mlango, uso chini kwa haya.

Msomaji mwenzangu, kabla hujachomeka flashi ya bure, uliza imetoka wapi. Tahadhari kabla ya hatari.