Fahamu: Mjusi wa buluu wa Kimboza, na kwa nini kumsafirisha ni marufuku

Ni mjusi gani?

Ana urefu wa sentimita 8 hivi. Dume ni buluu iliyokolea, koo jeusi. Jike ni kijani. Huishi kwenye majani ya mti uitwao mkadi katika msitu wa Kimboza, Morogoro, Tanzania, na misitu michache jirani. Kwingineko porini hayupo.

Kwa nini yuko hatarini?

Wafugaji wa mijusi wa Ulaya na Marekani humtamani. Watafiti walikadiria kuwa zaidi ya 30,000 walikamatwa kati ya 2004 na 2009. Baya zaidi, wakamataji hukata mkadi mzima ili kumfikia, na makazi yake hupotea.

Sheria inasemaje?

Tangu Januari 2017, mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, unapiga marufuku biashara ya mijusi hawa waliokamatwa porini. Rwanda pia ni mwanachama wa mkataba huo, hivyo katazo linahusu pia mizigo inayopita uwanja wake wa ndege wa Kanombe.