KIJANA WA MIAKA 15 NA KITABU CHAKE

Wako watu wasemao kwamba mtoto wa mfanyakazi hafiki mbali katika elimu kwa kuwa baba yake hana fedha. Neno hilo lina kweli ndani yake, wala si kweli yote. Leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu jambo lililopimwa katika nchi ya Kanada.

Mwaka 2000 vijana wapatao 30,000 wa nchi hiyo, wenye umri wa miaka 15, walitahiniwa katika kusoma. Hawakutakiwa kutamka maneno tu, bali kufahamu habari na kuzipima hoja zake. Kisha walifuatwa na kuulizwa tena kila baada ya miaka 2, hata walipotimia miaka 25.

Ilionekana nini? Waliosoma vizuri wakiwa na miaka 15 ndio walioingia vyuo vikuu kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Na tofauti hiyo haikutoweka hata yalipohesabiwa mapato na elimu ya wazazi. Yaani, katika watoto wawili wa nyumba zilizo sawa kwa hali, yule ajuaye kusoma sawasawa alikuwa na nafasi kubwa zaidi.

Sababu yake si fumbo. Hesabu huulizwa kwa maneno, na sayansi huelezwa kwa maneno. Kijana asomaye kwa kukwama humaliza nguvu zake katika herufi, asibakiwe na nguvu za kuwaza.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Lakini asidhani mtu kwamba aliyepita miaka 15 amekwisha kukauka. Mwaka 2009 baadhi ya vijana wale walitahiniwa tena, wakiwa na miaka 24. Wastani wao ulikuwa umepanda kutoka alama 541 hadi 598. Waliokuwa nyuma walipiga hatua ndefu kuliko wenzao, ijapokuwa hawakuwafikia.

Basi, ndugu wazazi, tusingoje mshahara upande ndipo tuwasaidie watoto wetu. Kumwambia mtoto asome gazeti kwa sauti kila jioni, kisha kumwuliza maana ya alichokisoma, hakuhitaji fedha nyingi. Na wewe kijana uliyeacha shule ukaingia kazini, usione haya kukishika kitabu. Umechelewa, lakini mlango haujafungwa.