Fahamu: Hatima ya kompyuta ndogo za mezani baada ya Windows 10

Dell OptiPlex 3020 Micro, kompyuta ya mezani yenye ukubwa unaokaribia kitabu kinene, ilitoka mwaka 2014. Mashine za rika lake huuzwa kama mtumba, na katika mji kama Songea kazi yake ya kawaida ni ya steshenari: kuchapa barua, kuskani vyeti, kujaza maombi ya ajira na mikopo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hiyo, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Kwa kompyuta inayochomekwa flashi za wateja kutwa nzima, hiyo ni hatari kubwa. Mpango wa masasisho ya nyongeza ya usalama kwa watumiaji binafsi unafika 13 Oktoba 2026 tu. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. OptiPlex 3020 ina ya kizazi cha 4.

Njia yenye maana zaidi ni mfumo endeshi wa Linux, usiolipiwa. Programu yake ya ofisi, LibreOffice, hufungua nyaraka nyingi za Word, ingawa mpangilio huweza kuyumba kidogo. SSD ikichukua nafasi ya diski ngumu, mashine huchangamka. Betri ya saa iliyo kwenye ubao mama, CR2032, isisahaulike: ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa na tovuti salama hukataa kufunguka, kisha lawama huangukia mtandao.

Ubao mama ukifa, RAM na SSD huweza kuhamia mashine nyingine inayolingana nazo. Mabaki hayafai kuchomwa jalalani, kwani plastiki na metali zake hutoa sumu.