Je, Wajua? Kuba lililopanda bila kushikiliwa

Kanisa Kuu la Santa Maria del Fiore, Florence, Italia, lilianza kujengwa mwaka 1296. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado lilikuwa na tundu juu ya altare, upana wake zaidi ya mita 40. Hakuna aliyejua namna ya kuliziba!

Kazi akapewa Filippo Brunelleschi, sonara. Mwaka 1420 akaanza kupandisha kuba bila kulitegemeza kwa mbao kutoka chini. Siri moja ni matofali: mengine yamelazwa, mengine yakasimamishwa katikati yake mithili ya miiba ya samaki, yakabanana yasiteleze kabla chokaa haijashika. Yako zaidi ya milioni 4. Na kuba si moja, ni mawili, dogo ndani ya kubwa. Anayepanda vidato 463 hadi juu hupita katikati yake.

Mizigo ilivutwa na maksai. Mashine aliyoibuni Brunelleschi ilibadili mwelekeo, kupandisha au kushusha, bila maksai kufunguliwa nira wala kugeuzwa. (Sonara huyo!)

Mwaka 1600 radi iliangusha tufe la shaba la kileleni mwa kuba. Lilipotua uwanjani pamewekwa duara la marumaru nyeupe. Wapita njia hulikanyaga tu.