Kwa Nini Mche Hufa kwa Kiu Katika Udongo Uliolowa

Katika shule nyingi za sekondari zenye bustani, kazi ya kuhamisha miche ya nyanya au kabichi kutoka kitaluni hufanywa saa nne asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa ya kipindi cha kilimo. Miche hung'olewa kwa mkono, hukusanywa ndani ya karai, hupelekwa kwenye matuta, hupandwa na kumwagiliwa maji tele. Ifikapo saa saba mchana yote imelala. Wanafunzi huleta maji zaidi. Udongo hugeuka tope, na bado miche hainuki. Baada ya siku tatu mingi imekwisha kukauka, na lawama huangukia mbegu, au udongo, au yule aliyekuwa na zamu ya kumwagilia.

Hasara hiyo si ya kupuuzwa. Mche wa nyanya ulio tayari kuhamishwa umekwisha kugharimu wiki nne hadi sita za kazi, na mbegu chotara za siku hizi huuzwa kwa bei inayomfanya mkulima azihesabu moja moja. Zaidi ya hayo, msimu hausubiri. Katika milima ya Usambara na Uluguru wakulima wengi hupenda nyanya zao zikue wakati wa kipupwe, baada ya mvua za masika kupungua, kwa sababu mvua nyingi huleta magonjwa ya ukungu ya majani. Miche ya kipupwe ikifa, kusia mbegu upya ni kuchelewa kwa zaidi ya mwezi mzima.

Swali basi ni hili: yawezekanaje mmea ufe kwa kiu ilhali shina lake limezungukwa na maji?

Jibu limo katika sehemu ya mmea ambayo aghalabu haionekani. Mzizi mnene autazamao mtu baada ya kung'oa mche si kiungo kikuu cha kunywea maji. Kazi hiyo hufanywa zaidi na vinyweleo vya mizizi. Kila kinyweleo ni sehemu ya seli moja tu ya ngozi ya mzizi, iliyorefuka na kupenya katikati ya chembe za udongo, ambako hugusana na utando mwembamba wa maji unaozizunguka chembe hizo. Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Howard Dittmer, alitoa matokeo ya kazi ya subira isiyo ya kawaida. Aliotesha mmea mmoja wa rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano, ndani ya sanduku la ujazo wa lita 50 hivi. Baada ya miezi minne aliiosha mizizi na kuipima. Urefu wake wote ulikadiriwa kuwa kilomita 623, takriban mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Vinyweleo vilikadiriwa kufikia bilioni 14, na eneo la ngozi yake lilikuwa meta za mraba 400 hivi, karibu sawa na uwanja wa mpira wa kikapu. Mche wa kabichi wenye majani matano hauna hata sehemu ndogo ya hayo, lakini uwiano ni wa namna ile ile: sehemu kubwa ya eneo la kunyonyea maji imo katika nyuzi ambazo jicho huziona kwa shida.

Mche ukivutwa kutoka ardhini, nyuzi hizo hubaki huko pamoja na ncha za mizizi midogo. Chache zinazosalia hukauka kwa dakika chache tu zikipigwa na hewa kavu. Tena, vinyweleo havioti mahali vilipokatika. Huota tu kwenye sehemu changa ya mzizi, nyuma kidogo ya ncha inayokua. Hivyo mche uliong'olewa vibaya hauna budi kwanza kuotesha mizizi mipya, ndipo upate vinyweleo, ndipo unywe. Hilo huchukua siku kadhaa. Maji yanayomwagwa kwa ndoo saa saba mchana yanafika shinani, lakini mnywaji hana kinywa.

Wakati huo huo majani hayaachi kutumia. Mmea huhitaji kaboni dioksidi kutoka hewani ili utengeneze sukari, nayo huingia kupitia vitundu vidogo mno vya majani viitwavyo stomata. Mlango huo huo uingizao hewa ndio utoao mvuke wa maji. Kasisi wa Uingereza, Stephen Hales, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1727 jinsi alivyofunika chungu cha alizeti kwa bamba la risasi ili maji yasitoke ila kwa njia ya mmea, kisha akakipima asubuhi na jioni. Mmea huo wenye kimo cha meta moja na kidogo ulipoteza, kwa mchana mmoja wa wastani, zaidi ya nusu kilo ya maji. Ni kweli kwamba mmea wenye kiu hufunga stomata zake, na mizizi iliyo katika udongo unaokauka hupeleka majanini kemikali iitwayo asidi ya absisiki, ambayo huamuru zifungwe. Lakini mlango ukifungwa, sukari nayo hupungua, na mizizi mipya hujengwa kwa sukari. Mche wenye kiu huwa pia mche wenye njaa.

Kanuni nyingi za bwana shamba, ambazo wanafunzi huzikariri bila kuulizia sababu, zinatokana na mambo haya mawili. Miche huhamishwa jioni kwa kuwa usiku stomata za mimea hii hufungwa kwa sehemu kubwa, na katika nchi iliyo karibu na ikweta usiku wa saa kumi na mbili ni nafasi ya kutosha ya kuanza kuotesha mizizi. Miche huinuliwa kwa sepeto pamoja na bonge la udongo ili vinyweleo visitengane na chembe vilizozishika. Siku hizi wengi huotesha kila mche katika tundu lake ndani ya trei, au katika kiriba, na hiyo ni njia bora zaidi, mradi mche usikawie humo hadi mizizi ikaanza kujizungusha. Baada ya kupanda, udongo hukandamizwa kwa vidole kuzunguka shina, maana pengo la hewa kando ya mzizi ni sawa na jangwa. Maji ya kwanza yana kazi hiyo pia: hushusha udongo laini na kuugusanisha na mizizi.

Jambo linalowatatiza wengi ni maandalizi ya wiki ya mwisho. Mche hupunguziwa maji na kivuli kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, kisha saa chache kabla ya kuhamishwa hunyweshwa hadi kitalu kiloe kabisa. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana, lakini kila moja lina wakati wake. Upungufu wa maji huzuia majani yasikue ovyo, huimarisha nta inayoyafunika, na huuachia mche akiba ya sukari. Maji ya siku ya mwisho hujaza seli na kufanya udongo ung'ang'anie mizizi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya huzungumzia zaidi kuuzoesha mche baridi ya majira ya chipuko. Mwalimu wa Tanzania hana budi kusoma ushauri huo kwa tahadhari: ukiacha sehemu chache kama Njombe na Makete, ambako umande huweza kuganda mwezi Juni na Julai, adui wa mche hapa ni jua na ukavu. Mbolea ya naitrojeni isizidishwe wakati huu, kwani huzaa majani mapana na laini kuliko mizizi iwezavyo kuyahudumia. Kusia mbegu kwa msongamano na kumwagilia kupita kiasi kuna kosa jingine, nalo ni kukaribisha kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni unaolegeza shina hadi mche uanguke.

Wako wanaokata nusu ya majani ili kupunguza upotevu wa maji. Hesabu yao ina mantiki, ila majani hayo ndiyo kiwanda cha sukari ya kujengea mizizi. Kivuli cha majani ya mgomba kwa siku tatu au nne kina faida kubwa zaidi.

Mimea nayo haiko sawa. Kabichi huotesha mizizi upya kwa haraka, na nyanya huweza kuiotesha hata kwenye sehemu ya shina iliyozikwa. Maharage, mahindi na matango hufanya hivyo kwa shida, kwa hiyo husiwa moja kwa moja shambani. Karoti iliyovunjwa ncha huendelea kuishi, lakini huota panda na haiuziki.

Darasa laweza kuyaona haya kwa gharama ndogo. Mbegu za mtama ziwekwe juu ya kitambaa kilicholowa ndani ya sahani iliyofunikwa. Baada ya siku tatu au nne mizizi huzungukwa na weupe kama pamba, ambao wanafunzi wengi huudhania kuwa ni ukungu. Sahani ikifunuliwa juani kwa dakika chache, weupe huo hunywea, na hausimami tena kama mwanzo hata ukirudishiwa maji. Kisha bustanini zipandwe safu tatu za miche kumi kumi: moja saa nne asubuhi kwa kung'oa, moja jioni kwa kung'oa, na moja jioni pamoja na udongo wake. Miche iliyosimama ihesabiwe kila siku kwa juma zima. Hesabu hiyo ifanywe saa saba mchana, wala si alfajiri, kwa sababu alfajiri, baada ya usiku mzima wa kutopoteza maji mengi, hata mche unaokaribia kufa huweza kuonekana mzima.